Namna ya Kubadilisha Diski Hadi Kisibaki Kitu

Miongozo ya kubadilisha diski kwenye seva ya nyumbani imejaa tele, na yote ina kasoro ileile: imeandikwa kwa ajili ya watu wanaotaka faili zao zibaki. Hakuna aliyemkumbuka yule mwenzetu mwenye diski nne za TB 4 kwenye kasha chini ya meza ya televisheni, humo mkiwa na picha za ukoo mzima, hati ya kiwanja iliyoskaniwa, na video ya harusi ambayo nusu yake ni watu wakicheza taratibu kuelekea mbele kutunza. Mtu huyu ana hamu asiyoweza kuitamka mbele ya mkewe: kuanza maisha upya. Mwongozo huu ni wake.

Tukubaliane mapema kwamba kazi si nyepesi. Seva nyingi za nyumbani siku hizi hutumia ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili uliozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani na kuachiwa umma mwaka 2005. Ndio uliomo ndani ya mifumo ya seva kama TrueNAS, na Proxmox nayo inao. Waliouunda hawakumwamini mtu wala chombo. Kila kipande cha data kina tarakimu yake ya uhakiki inayotunzwa mahali pengine, ili diski ikisema uongo ikamatwe. Data mpya haiandikwi juu ya ya zamani. Huandikwa pembeni, na ikishakamilika ndipo mfumo unahamia huko. Diski nne zikiungwa kwa mtindo wa raidz1, moja inaweza kufa bila faili hata moja kupotea. Kwa raidz2 zinaweza kufa mbili. Mkusanyiko huo wa diski nitauita tangi, kama wanavyouita wengi wanaonakili mifano ya maelekezo bila kubadilisha jina. Tangi la ZFS halifi hivihivi. Lazima mwenyewe ashiriki.

Anza kwa kutoangalia. Diski hujiwekea daftari la afya liitwalo SMART, na amri ya smartctl hulifungua kwa sekunde moja. Humo kuna namba 5, inayohesabu sekta zilizohamishwa kwa ubovu, namba 197, sekta zinazosubiri hukumu, na namba 198, zilizoshindikana. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya laki moja, wakaona kwamba diski ikishapata kosa la kwanza katika kujikagua, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Siku 60 zinatosha kabisa kutafuta hela na kununua nyingine, ndiyo maana ni muhimu usijue. Utafiti huohuo una faraja kwa upande wetu: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote katika vipimo vinne vizito vya SMART. Ukariri huo. Utakusaidia siku ya kuulizwa kwa nini hukuangalia. Na kwa kuwa seva inaweza kutuma barua pepe tangi linapopungukiwa ulinzi na kuingia hali ya DEGRADED, ipe ile anwani ya Yahoo uliyofungua intaneti kafe na ambayo nywila yake uliisahau kabla hujafika nyumbani.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hawakuwahi kumiliki diski. Data inaoza. Biti hugeuka, sekta hufifia, na picha isiyofunguliwa kwa miaka kumi inaweza kuwa imeharibika nusu huku jina lake likiendelea kung'aa kwenye folda. Dawa ya ZFS ni amri ya zpool scrub, ambayo hupitia kila kipande kilichoandikwa, hulinganisha na tarakimu yake ya uhakiki, na hukarabati kilichooza kwa kutumia diski nyingine. Ukiweka ZFS kwenye Debian, ukaguzi huo huja umepangwa kufanyika Jumapili ya pili ya kila mwezi. Uzime. Sababu zipo nyingi: diski zinapiga kelele, filamu inakwama, LUKU inakimbia.

Matunda yake utayaona diski moja ikifa. Ili kuijaza mpya, ZFS inalazimika kusoma kila kitu kilichomo kwenye tatu zilizobaki, na kama hujawahi kukagua, hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa baadhi ya sekta hizo kusomwa tangu ziandikwe. Karatasi za maelezo za diski nyingi za nyumbani husema usitarajie zaidi ya kosa moja lisilosomeka katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani takriban TB 12.5. Diski tatu za TB 4 zilizojaa ni TB 12. Hesabu imekaa kama imepangiwa! Nisikupe matumaini ya bure, lakini. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi zake, na ZFS ikikutana na sekta iliyokufa haiangushi tangi zima kama zilivyoweza kufanya kadi za RAID za zamani. Hukutajia jina la faili iliyoharibika na kuendelea na kazi. Utapoteza picha moja au mbili. Kwa lengo letu hiyo ni mishahara ya kibarua.

Kabla ya kuihukumu diski, wenye uoga huangalia namba 199, ambayo huhesabu makosa ya mawasiliano njiani. Ikiwa hiyo ndiyo inayopanda na 5 na 197 zimetulia, mara nyingi mgonjwa ni kebo ya SATA, na kebo haina bei. Wewe tupa diski, bakiza kebo. Diski mpya nayo itaanza kuugua wiki ijayo na utakuwa na hadithi ya kusimulia kuhusu diski za siku hizi.

Sasa twende dukani. Kanuni ya kwanza ya ununuzi ni kuchukua zote kwa mpigo: modeli moja, mzigo mmoja, siku moja, ili zizeeke pamoja na kustaafu pamoja. Kama bajeti inabana, zipo za mtumba. Ukimuuliza muuzaji imetumika muda gani akakujibu "hiyo bado mpya kabisa, bosi", chukua kuwa ni jibu la kitaalamu. Smartctl huonyesha saa ambazo diski imekaa ikiwaka, lakini saa hizo hufutika. Mwanzoni mwa 2025 ilifichuka Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizochoka zilikuwa zikiuzwa madukani kama mpya, saa zimerudishwa sifuri na watu ambao si kampuni yenyewe. Walioumbua mchezo walisoma daftari la pili la ndani ya diski, liitwalo FARM, ambalo matoleo mapya ya smartctl hulifungua kwa kuongeza -l farm. Usiongeze.

Kisha kuna suala la SMR, ambalo binafsi nalipenda kuliko yote kwa sababu mtu anaweza kufeli akiwa amefuata kila hatua sawasawa. Diski ya kawaida, wanayoiita CMR, huandika njia zake zikiwa zimeachana. Ya SMR huzipandanisha kama mabati ya paa ili zienee nyingi zaidi. Kubadili moja kunalazimu kuinua na kupanga upya zilizolala juu yake. Kwa kuhifadhi filamu utakazoandika mara moja na kuzisahau, haina neno. Kwa kujazwa upya ndani ya tangi la ZFS, ambako maandishi humiminika kwa saa nyingi bila pumziko, diski hulemewa, hunyamaza, na ZFS ikichoka kusubiri huitangaza kuwa mbovu na kuitoa nje. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red za TB 2 hadi 6, zilizouzwa mahsusi kwa seva za namna hii, zilikuwa za SMR bila wanunuzi kuambiwa. Baada ya makelele yale, CMR au SMR huandikwa kwenye karatasi za maelezo. Kwa hiyo usisome karatasi.

Hakikisha pia diski mpya ni ndogo kuliko ya zamani, hata kwa unywele, kwa sababu ZFS haitaikubali na utarudi dukani tangi likiwa linachechemea. Na usiipime. Kuna watu huiweka diski mpya pembeni siku mbili tatu, wakaiendeshea smartctl -t long kisha badblocks, wakijua kwamba diski hupenda kufa changa au kikongwe. Wewe ipachike ikiwa bado na baridi ya kiyoyozi cha dukani.

Wakati mzuri wa upasuaji ni Jumamosi jioni, wageni wakiwa njiani. Hapa kuna njia moja ya hatari lazima uijue ili uikwepe. Kama seva ina tundu moja la ziada, diski mpya huchomekwa hapo huku ile mgonjwa ikiwa bado mahali pake, kisha huandikwa zpool replace, jina la tangi, jina la diski ya zamani, jina la mpya. ZFS husoma kutoka kwa zote, pamoja na mgonjwa kwa kadiri anavyoweza, na ulinzi haupungui hata dakika moja hadi mpya ijae. Hakuna njia salama kuliko hiyo, na inachukua mstari mmoja. Ukiona mtu anakuelekea na ushauri huo, mkaribishe chai ubadilishe mazungumzo.

Njia yetu huanza na kung'oa. Linux huzipa diski majina ya sda, sdb, sdc na kuendelea, kwa kufuata zilivyotambuliwa wakati wa kuwaka, na majina hayo yanaweza kuhama seva ikizimwa na kuwashwa. Waoga hutumia majina marefu yaliyomo /dev/disk/by-id, yenye modeli na namba iliyochapwa kwenye lebo ya kila diski. Tena siku ya kwanza kabisa walishaiandika namba hiyo kwa maka peni upande wa mbele wa kila trei. Wewe tumia mantiki. Mbovu ni sdb, b ni herufi ya pili, basi ni ya pili kutoka kushoto. Vuta.

Kama umevuta nzima, tangi la raidz1 lililokuwa limeshapoteza moja litasimama papo hapo. Wanagenzi wengi hukwamia hapa, kwa sababu ZFS ni mvumilivu kupita kiasi: ukiirudisha ile diski na kuandika zpool clear, mara nyingi kila kitu huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Usiirudishe. Hitimisha kwamba nayo imekufa, ichomeke kwenye kompyuta ya mtoto ili uhakikishe, na Windows isipoelewa kilichomo itakuuliza kwa adabu kama ungependa iandaliwe kwa matumizi. Kubali. Ikikuomba jina, andika "Mpya".

Ikiwa kwa bahati mbaya umevuta diski sahihi, usife moyo, maana sasa tunafika kwenye johari. ZFS ina vitenzi vitatu vinavyofanana kwa mtu mwenye haraka. Replace huweka diski mpya badala ya ya zamani. Attach huipa diski mwenzake wa kuwa kioo chake, na tangu OpenZFS 2.3 ya Januari 2025 inaweza pia kupanua kundi la raidz kwa diski moja. Add ni kitu kingine kabisa: huongeza kwenye tangi kundi jipya linalojitegemea. Ukiandika zpool add ukaitaja diski moja, diski hiyo inakuwa kundi la peke yake, haina mwenza, na data mpya itatawanywa humo pamoja na kwenye yale makundi mengine. Siku itakayokufa, linaondoka tangi zima. Zile raidz zako zote zilizobaki zitakuwa zimekaa hapo na afya njema, zikilinda vipande visivyounganika.

ZFS haitakubali kirahisi. Itagoma na kukueleza kwamba kiwango cha ulinzi cha hicho unachoongeza hakilingani na cha tangi, kisha, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuelewa, itakutajia yenyewe namna ya kuishinda: ongeza -f. Ongeza. Kwa tangi lenye raidz, ulichofanya hakirudi nyuma; zpool remove itakataa kuliondoa kundi hilo. Kilichobaki ni kuipa diski ile pweke mwenzake kwa attach, au kuhamishia kila kitu kwingine, kuvunja tangi na kulijenga upya. Vipo vizuizi viwili vinavyoweza kukuharibia. Zpool add ikiandikwa na -n huonyesha umbo la tangi litakavyokuwa bila kutenda chochote. Na zpool checkpoint, ikitangulizwa, huwezesha kulirudisha tangi lilivyokuwa kabla ya kosa. Visipite karibu na kibodi yako.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inafanana na ushindi. Nafasi imeongezeka, filamu zinacheza, neno DEGRADED bado lipo lakini nani husoma mstari wa pili? Unaweza kuishi hivyo miaka miwili, ukiwashauri na majirani.

Tuseme lakini mkono uliteleza ukaandika replace kama inavyotakiwa. Sasa diski inajazwa, na itachukua saa kadhaa au siku, kutegemea ilivyojaa. Huu ndio wakati wa kuipa seva kazi: watoto watazame katuni, simu tatu zipakie picha, wewe upange upya folda zote. Funika kasha kwa kitambaa cha kufuma, kile cha mapambo, kilaze vizuri juu ya matundu ya feni. Umeme kukatika peke yake, nasikitika kusema, si wa kutegemea. Kwa kuwa data huandikwa pembeni kwanza, tangi huamka lilipoishia na ujazaji unaendelea. Weka tumaini kwenye umeme unaopanda na kushuka, kwa kutonunua UPS, na kwenye vile vigawanyio vya bei chee vinavyogeuza plagi ya Molex kuwa ya SATA, hasa vyenye kichwa cha plastiki kilichomiminwa kikafunika waya moja kwa moja. Hivyo vina historia ya kushika moto.

Kwa anayebadilisha diski zikiwa nzima ili apate kubwa, utaratibu wa kuchosha ni kubadili moja, kusubiri ijae, kuhakikisha hakuna kosa, ndipo kwenda kwa inayofuata. Na kama autoexpand iko on, nafasi hupanuka ya mwisho ikikamilika. Wewe toa mbili kwa wakati mmoja. Ni raidz1, na muda ni mali.

Nimeacha bekapu hadi huku kwa makusudi, maana ndiyo adui mkuu. Ukiulizwa una bekapu, jibu: "Nina RAID." Jibu hili limewafunga midomo watu wengi tangu 1988, David Patterson na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha andiko lililoipa RAID jina lake. Wao walikuwa wakizungumzia diski kufa. Mwizi, moto, radi, mtoto aliyefuta folda, na wewe mwenyewe na -f yako, hawakuwamo. Ile kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, iheshimu kwa kuitaja mara kwa mara. Kama lazima utengeneze nakala, iweke kwenye tangi lilelile, na kamwe usijaribu kurejesha faili hata moja kutoka humo. Kampuni ya GitLab ilituonyesha njia tarehe 31 Januari 2017: mhandisi alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe, na walipozigeukia njia zao tano za kutunza nakala, wakakuta hakuna hata moja inayofanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine.

Hapo ndipo penye hatari halisi: mtu mmoja mwenye nakala ambayo hukuipangia. Mwaka 1998, pale Pixar, amri moja ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na bekapu ilipojaribiwa ikaonekana haifai. Yote yangekwenda vizuri, kama Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, asingekuwa na nakala kwenye kompyuta yake. Wakaifuata kwa gari na filamu ikanusurika.

Chunguza, basi, ukoo wako. Utagundua kwamba katika kila familia yupo shangazi, tuseme yuko Tanga, ambaye hajawahi kufuta kitu kwenye simu. Picha zote za harusi anazo, zimebanwa na WhatsApp hadi nyuso zimekuwa ukungu, lakini zipo, pamoja na ile ya hati ya kiwanja uliyomtumia kwa makosa. Mpigie. Msalimie vizuri, muulize afya, msikilize mpaka amalize habari za mgogoro wa mpaka wa shamba. Kisha mwambie unataka kumnunulia simu mpya, na hiyo ya zamani asihangaike nayo, utakuja kuichukua mwenyewe uisafishe.